Panga Kurudi Kabla Hujafunga Mizigo

Jioni moja ya Novemba 2022, mvua za vuli zikiwa zimeanza kunyesha hapa Nyasubi, nilikuwa jikoni nikichambua mchele. Mume wangu aliingia bila hata kuvua viatu vyenye matope. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyolowa pembeni.

"Mama watoto," alisema, "Mungu ametukumbuka. Funga mizigo, tunakwenda Zambia."

Ninyi mnaoishi Kahama mtaielewa furaha yangu. Mume wangu ni fundi wa mitambo mikubwa, na kwa zaidi ya miaka kumi tulikula kwa kazi ya migodi ya dhahabu ya huku kwetu. Uchimbaji wa Buzwagi ulipofikia mwisho mwaka 2021, mafundi wengi walirudi nyumbani na vyeti vyao mkononi, na nafasi zilizobaki kwingine ziligombewa na watu wengi. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Mwaka mzima alitengeneza mashine za kukoboa mpunga na pikipiki za watu. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini ada ya binti yetu ilikuwa inachelewa kila muhula. Sasa aliitwa kwenye machimbo ya shaba, huko Solwezi, katika Mkoa wa Kaskazini-Magharibi wa Zambia.

Mpenzi msomaji, tumekwenda Zambia mara mbili. Mara ya kwanza tulikwenda kwa shangwe, tukarudi mimi na watoto baada ya siku 83, tukiwa hatuna hata mahali pa kulala. Mara ya pili tulikwenda kwa mpango, tukakaa karibu miaka miwili. Naandika haya kwa sababu najua wapo dada zangu ambao waume zao wameitwa Kongo, Mali au Uarabuni, na wengine mmeitwa ninyi wenyewe. Kabla hujaanza kuuza vyombo, keti nami kidogo.

Siku 83

Katika wiki sita nilifanya mambo mengi, yote kwa haraka. Niliuza friji. Niliuza cherehani zangu mbili kati ya tatu, zile ambazo zilinilisha tangu nimalize mafunzo ya ushonaji. Niliuza mbuzi. Watoto niliwaondoa shuleni bila barua ya uhamisho, nikisema huko tuendako hawatauliza. Nyumba tulimpa mpangaji kwa maneno ya mdomo tu, akalipa kodi ya miezi sita, na fedha ile ikawa nauli yetu.

Mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi nasi, tulimpeleka kwa wifi yangu Ushirombo. Siku ya kumsindikiza aliniuliza, "Mkamwana, nyumba mnamwachia nani? Na mimi nikiugua, mtakuja kwa nauli gani?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Mayu, tunakwenda kutafuta nauli hiyo hiyo."

Kanisani tulifanyiwa sherehe ya kuagwa. Akina mama waliniletea vitenge na sufuria, nami nilijiona mtu. Sitaficha jambo hili, maana ndilo lililonifumba macho. Nilipenda kuitwa mama anayekwenda nje. Mkataba wa mume wangu ulikuwa na kurasa kumi na moja za Kiingereza. Nilimaliza Kidato cha Nne, Kiingereza cha kuusoma taratibu ninacho. Ulikaa kabatini wiki sita, nami sikuufungua hata siku moja.

Tulipanda basi hadi Mbeya, kisha Tunduma. Upande wa pili, Nakonde, ofisa wa uhamiaji alitazama kibali cha kazi cha mume wangu, akatutazama mimi na watoto watatu. "Na hawa?" Mume wangu akajibu kwamba ni familia yake. Ofisa akatugongea mhuri wa wageni wa matembezi, wenye siku za kuhesabika. Nilifikiri ni utaratibu tu wa njiani.

Kutoka Nakonde hadi Kapiri Mposhi ni kiasi cha kilomita 800. Mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku wa manane, kwa hiyo basi letu lilisimama njiani tukalala tumekaa, kifunga mimba akiwa mapajani mwangu. Tulifika Solwezi siku iliyofuata tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ofisini mume wangu alipewa ufunguo mmoja, wa chumba chenye kitanda kimoja, ndani ya kambi ya wafanyakazi.

Yule bwana wa ofisini alikuwa mpole. Alifungua ukurasa wa tisa wa mkataba akatuonyesha kwa kidole. Mume wangu aliajiriwa kama mtu pekee, bila familia. Angefanya kazi wiki nane, kisha angerudi kwao wiki nne, na nauli yake ingelipwa. Nyumba ya familia hakuna, ada za watoto hakuna, matibabu ya mke na watoto hakuna, na mwajiri hakuwa na wajibu wa kututafutia vibali. Haikuwa hila. Ilikuwa imeandikwa, na mume wangu alikuwa ametia sahihi chini yake.

Tulipanga vyumba viwili mjini. Shule tuliyoiendea iliomba vibali vya watoto, nasi hatukuwa navyo, kwa hiyo watoto walishinda nyumbani. Sikuweza kushona kwa malipo kwa sababu mgeni wa matembezi haruhusiwi kufanya kazi. Mwanangu wa kiume aliugua malaria, tukalipa kila kitu kwa fedha taslimu. Mshahara wa kwanza ulikwenda kwa mwenye nyumba na hospitali.

Ndipo maneno yalipoanza. Nilimwambia mume wangu kwamba ametutupa porini. Naye akaniambia kwamba mimi ndiye niliyeharakisha kuuza vyombo ili nionekane. Wote wawili tulisema kweli, na ndiyo maana iliuma. Tulikaa siku nne bila kusemezana ndani ya vyumba viwili.

Mwanzoni mwa Aprili 2023, siku za kwenye mhuri zikikaribia kwisha, nilirudi na watoto. Mpangaji wetu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia, "Mama, miezi yangu sita haijaisha." Alikuwa na haki. Tulilala kwa mdogo wangu, watu wanne katika chumba kimoja, mitaa miwili tu kutoka kwenye nyumba yetu wenyewe. Usiku nilisikia binti yangu akilia chini ya shuka. Alikuwa Kidato cha Pili, mwaka wa upimaji wa kitaifa, naye alikuwa amekosa miezi mitatu ya masomo.

Daftari la mezani

Mume wangu alipokuja likizo mwezi Mei, hatukuanza kwa kulaumiana. Tulinunua daftari kubwa la jalada gumu, tukamwita na mama mkwe kutoka Ushirombo, tukakaa mezani Jumapili baada ya ibada. Katika Maandiko yupo yule mjenzi wa mnara anayekaa kwanza kuhesabu gharama. Sisi tulijenga kwanza, ndipo tukakaa.

Swali la kwanza tuliloandika lilikuwa hili: Je, ni lazima familia iende?

Kwa mwaka ule jibu lilikuwa hapana. Mkataba wa wiki nane kazini na wiki nne nyumbani haukuwa mbaya. Tulipoupigia hesabu tuliona kwamba mimi na watoto tukibaki Nyasubi, na yeye akila na kulala kambini bila kulipa, tungeweza kurudisha cherehani moja na kumaliza ada. Ndivyo tulivyofanya. Dada yangu, kubaki si aibu. Wapo wanawake wanaomfuata mume kwa kuogopa maneno ya watu, kumbe wangekuwa msaada mkubwa zaidi wakibaki. Na wapo wanaobaki kwa kuogopa safari wakati ndoa yao inahitaji wawe pamoja. Ulizeni ninyi wawili, mezani, na karatasi iwe mbele yenu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mume wangu alipata mkataba mwingine huko huko, wa miaka miwili, pamoja na familia. Safari hii daftari lilikuwa limejaa. Nitawapa yaliyokuwamo.

Mkataba. Tuliusoma sentensi kwa sentensi, na tusipoelewa tulimwomba mwalimu mmoja wa shirika letu atufafanulie. Tulitafuta majibu ya maswali haya. Je, familia imetajwa kwa idadi ya watu? Nyumba ni ya nani na umeme analipa nani? Ada za watoto zinalipwa hadi kiasi gani? Matibabu ni ya mfanyakazi tu au ya wote? Nauli ya kurudi ipo, hata kazi ikikatizwa katikati? Nani anashughulikia vibali vya mke na watoto? Tena, mshahara ni kwa fedha ya nchi gani? Hili la mwisho si dogo. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ya Marekani ilikuwa kama kwacha 18, na mwishoni mwa mwaka huo ilivuka kwacha 25. Anayelipwa kwa kwacha na kutuma ada nyumbani aliona mshahara wake ukipungua bila mtu kumkata.

Kama kazi imeletwa na wakala, kwanza hakikisheni kwamba amesajiliwa. Serikali ina ofisi inayoshughulikia huduma za ajira, mnaweza kuuliza huko. Mtu anayedai umpe fedha leo usiku ili nafasi isipotee, mwache aende na nafasi yake.

Karatasi. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, iligharimu shilingi 150,000 kwa kila mmoja, mtoto na mtu mzima. Kwa familia hiyo si fedha ya kutafuta wiki ya mwisho. Ili uipate unahitaji kitambulisho cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, na jina liwe lile lile kila mahali. Wengi wetu tuna herufi moja imepotea kwenye cheti, na herufi hiyo hukaa kimya mpaka siku ya safari. Cheti cha ndoa nacho ni cha lazima ukitaka kutambuliwa kama mke. Wanaoishi kwa ndoa ya kimila isiyosajiliwa waanze mapema kuulizia utaratibu katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Chukua pia kadi za kliniki za watoto, ripoti za shule, barua za uhamisho, vyeti vyako vya masomo na barua ya utambulisho ya kanisa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile cha rangi ya njano, kitunze vizuri. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, hakuna haja ya kuirudia kila miaka kumi. Tulitoa nakala seti tatu: moja safarini, moja kwa mdogo wangu, moja kwa mzee wa kanisa.

Na jambo kubwa kuliko yote katika karatasi: tulingoja vibali vya familia vitoke kabla ya kupanda basi. Tulingoja wiki tano huku mizigo imefungwa. Majirani waliuliza kama safari imevunjika. Niliwaacha waulize.

Watoto. Shule za Zambia, kama zetu, huanza mwaka Januari, kwa hiyo huo ndio wakati mzuri wa kuhama. Mwanangu wa kiume tulisubiri amalize upimaji wa darasa la nne. Alikuwa amesoma kwa Kiswahili, na huko masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo miezi sita kabla ya safari tulimtafutia mwalimu wa jioni. Bado muhula wa kwanza alikuwa wa mwisho darasani. Wa pili hakuwa wa mwisho.

Binti yetu alikuwa anaingia Kidato cha Tatu. Kumhamisha kwenda mtaala mwingine, kisha kumrudisha akiwa na mtihani wa taifa mbele yake, kungemvunja kwa mara ya pili. Yeye mwenyewe alisema, "Mama, mimi niacheni nimalize." Tulimpeleka shule ya bweni, na likizo akawa anakwenda kwa mdogo wangu. Sitawaambia kwamba lilikuwa jambo jepesi. Siku ile Nzega, basi lilipopita njia panda ya shuleni kwake, niligeuza uso dirishani ili wadogo zake wasinione. Lakini aliulizwa, na alijibu mwenyewe. Mara ya kwanza hatukumwuliza.

Afya. Kadi ya bima ya hapa nyumbani haivuki mpaka. Anayetumia dawa kila siku, za shinikizo la damu, kisukari au dawa za kufubaza virusi, aende na barua ya kituo chake inayotaja dawa na vipimo vyake, pamoja na dawa za kutosha mpaka apate kituo kipya. Asikae kimya kwa haya. Haya hupita, dozi ikikatika ni hasara ya mwili.

Nyumba. Safari hii mpangaji alipewa vyumba viwili tu, kwa mkataba wa maandishi, ukashuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, wenye tarehe ya mwisho mwezi mmoja kabla ya mkataba wa mume wangu kuisha. Chumba kimoja kilikuwa cha mama mkwe, na mdogo wangu alihamia humo kumtunza. Chumba cha nne tulikifunga kwa kufuli, ndani kukiwa na kitanda, godoro na vyombo vya kuanzia maisha. Tulielewana na mpangaji juu ya kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU, ili baadaye asiseme alilipa deni letu. Kodi ya pango la ardhi tulimwachia mdogo wangu fedha yake, na risiti alizitunza.

Hapa akina mama tujue haki yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mmoja wa wanandoa hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mkiacha hati ya uwakili kwa ndugu, andikeni wazi anaruhusiwa kufanya nini, na asiruhusiwe nini. Yetu iliruhusu kupokea kodi na kulipa kodi za serikali, basi.

Kazi yangu. Kibali nilichopewa kama mke wa mfanyakazi kilinipa ruhusa ya kukaa. Hakikunipa ruhusa ya kuajiriwa wala kufanya biashara. Hilo nililijua kabla, kwa hiyo cherehani zangu, ambazo sasa zilikuwa tatu tena, sikuziuza. Mdogo wangu alizifanyia kazi, akaandika kwenye daftari, na kila mwezi sehemu yangu iliingia benki kwa jina langu. Tulikubaliana hivyo na mume wangu, si kwa siri. Mwanamke anayehamia nchi ya watu bila hata shilingi ya jina lake hujikuta anaomba fedha ya sabuni kama mtoto, na hata mume mwema huchoka kuombwa.

Fedha ya kurudi. Hii ndiyo iliyokuwa ukurasa wa kwanza wa daftari, ingawa naitaja mwisho. Kabla ya kununua hata begi tuliweka benki nauli ya kutosha watu wanne kurudi Kahama, pamoja na chakula cha miezi miwili. Tuliandika juu ya ukurasa: haiguswi. Akaunti ilihitaji sahihi zetu wote wawili.

Yale ambayo daftari halikuyajua

Tulifika Solwezi Januari 2024, vibali mkononi, nyumba ikitungoja. Nilishukuru sana. Kisha nikaambiwa shule hazifunguliwi. Zambia ilikuwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu, na serikali iliahirisha kufungua shule kutoka tarehe 8 Januari hadi mwishoni mwa mwezi, halafu hadi tarehe 12 Februari. Tulichemsha maji, tukanawa mikono, tukafundishana hesabu mezani.

Haikuishia hapo. Mvua zilikataa, na mwishoni mwa Februari Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mahindi yalikauka mashambani, bei ya unga ikapanda. Maji ya Kariba yalipungua, na nchi inayotegemea umeme wa maji ikaingia gizani saa nyingi za siku. Nilipikia mkaa, na suruali za shule za wanangu nilizishona kwa cherehani ya mguu niliyoazimwa na jirani.

Ndipo tulipojaribiwa. Mume wangu alitaka kununua mtambo wa sola, nzuri kabisa, kwa ile fedha isiyoguswa. "Tutairudisha mwezi ujao," alisema. Nilikataa kutia sahihi. Alikasirika, nami nilihuzunika, maana nilikuwa nachoka na giza kuliko yeye aliyeshinda kazini. Tulinunua taa ndogo mbili za sola kwa fedha ya mwezi, tukaendelea.

Mengine yalikuwa madogo na ya kuchekesha. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na hakuna anayehesabu saa kwa Kiswahili. Mwanangu alipoulizwa darasani shule huanza saa ngapi alijibu kwa Kiingereza "saa moja," na darasa zima likacheka. Chakula hakikutusumbua. Nshima yao ni ugali wetu, kapenta ni ndugu wa dagaa, na kalembula ni matembele. Walipoonja nsansa niliyotoka nayo Kahama, niliyoipika kwa karanga, walisema nao wana mboga zao za karanga, ifisashi. Kwa mlango huo wa jikoni nilipata marafiki. Wiki ya pili nilipeleka barua yangu ya kanisa, nikaingia umoja wa akina mama, nikajifunza kusema "muli shani" na "natotela" kwa Kibemba kabla ya kujifunza njia ya sokoni. Mume ana kazi inayomngoja kule. Mke hana kinachomngoja, lazima akitafute mwenyewe, na asingoje mpaka upweke umfundishe. Ubalozi wetu uko Lusaka, nasi tulijiandikisha huko ili tukipata shida tujulikane tulipo.

Simu ya Julai

Julai 2025, usiku, mdogo wangu alipiga simu. Mama mkwe ameanguka, yuko hospitali, anaongea kwa shida.

Mume wangu aliketi kitandani, akashika kichwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Kisha alinyamaza, akaniangalia, akasema, "Ile fedha."

Benki ilifunguliwa asubuhi, na jioni tulikuwa njiani, sisi wanne. Siku ya nne tulikuwa Kahama. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu mmoja, mkono wa kulia hauna nguvu. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwamkia. Alinitazama kwa muda mrefu, akatafuta maneno.

"Mkamwana," alisema, "kumbe nauli ilikuwepo."

Aliishi siku tisa tangu siku ile. Mwanawe alimlisha uji kwa mkono wake mwenyewe, na wajukuu wote watatu, hata yule wa bweni, walimwimbia. Tulimzika tukiwa wote. Sijui ningewezaje kuishi na swali lake lile la Ushirombo kama tungekuwa tumekwama Solwezi tukikopa nauli, nikikumbuka kwamba nilimcheka.

Tulirudi Zambia kumalizia mkataba, tukaanza upya kuijaza fedha ile ile. Desemba 2025 mkataba uliisha kama ulivyoandikwa, nasi tukarudi Nyasubi. Mpangaji alikuwa amehama kwa amani mwezi mmoja kabla. Nilifungua kufuli ya chumba cha nne, nikatandika kitanda, nikachemsha chai kwa vyombo vyangu. Binti yetu alikuwa amefanya mtihani wake wa Kidato cha Nne mwezi uliotangulia. Kijana ndiye aliyetupa kazi mpya, maana anahesabu kwa Kiingereza na Kiswahili chake cha kuandika kimelegea. Sasa ana mwalimu wa jioni tena, wa upande wa pili.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kila anayehama atarudi siku moja, kwa mkataba kuisha, kwa ugonjwa, kwa msiba au kwa hamu tu. Nyumba ya kurudia, kazi ya kurudia, nauli ya kurudia na shule ya kurudia vitengenezwe mapema, wakati bado una friji lako.

Kwa hiyo, dada yangu, kama kuna bahasha ya kaki nyumbani kwako usiku huu, usianze na mizigo. Subiri mume wako ale, ashibe. Kisha mwambie kwa upole, "Baba watoto, hebu tuusome mkataba." Anzeni ukurasa wa kwanza, wala msilale kabla ya kufika ule wa mwisho.